Barua kwa Walimu wa Shule za Msingi: Elezeni Maana Kabla ya Kukaririsha Majina

Walimu wangu vijana wa hapa Kenya,

Nawasalimu nyote. Mimi nimestaafu, lakini kuna jambo limenikaa moyoni, na nyinyi ndio mnaoweza kulitengeneza.

Katika mtaala wetu, imani ya Makalasinga imewekwa ndani ya Elimu ya Dini ya Kihindu. Kwa hiyo mtoto anayesoma dini ya Kikristo au ya Kiislamu anaweza kumaliza shule bila kuelezwa kwa nini mwenzake wa dawati moja anafunga kilemba. Na pale somo linapofundishwa, mara nyingi huishia kwenye majina matano ya alama za imani hiyo ubaoni: kesh, kangha, kara, kachera, kirpan. Watoto huyaimba, mtihani hupita, nayo husahaulika.

Anzeni na kisa. Mwaka 1675 Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa Makalasinga (guru ni mwalimu wa imani), aliuawa Delhi, India, kwa amri ya Aurangzeb, mfalme Mwislamu. Makalasinga husimulia kwamba Wahindu wa Kashmir, waliokuwa wakishurutishwa kubadili dini, walimwendea awatetee, naye akakubali kuifia haki yao ingawa dini hiyo haikuwa yake. Mwanawe, Guru Gobind Singh, alikuwa na umri wa mwanafunzi wa Gredi ya Tatu. (Wanafunzi wenu Waislamu wasibebeshwe lawama ya mtawala yule. Lisemeni hilo waziwazi.) Mwanawe huyo alipokua, mwaka 1699, siku ya Vaisakhi, sikukuu ya mavuno, aliukusanya umma huko Anandpur, India, akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Wakasimama watano, mmoja baada ya mwingine, wa matabaka mbalimbali. Hao ndio walioanza Khalsa, jumuiya ya Makalasinga walioweka ahadi, na alama zile tano ndizo sare ya ahadi yao.

Mtoto akishasikia hayo, hahitaji kukaririshwa. Ataelewa kwamba kesh, nywele zisizokatwa, ni kuupokea mwili kama Mungu alivyouumba, na kangha, kitana cha mbao, ni wajibu wa kuzitunza. Kara ni bangili ya chuma, haipaswi kuwa pambo la dhahabu, hivyo tajiri na maskini huvaa sawa, nayo humkumbusha mtu mkono wake unafanya nini. Kachera ni vazi la ndani la staha. Semeni hivyo, msonge mbele, wala asiulizwe mtoto yeyote kama amelivaa.

Kirpan, upanga mdogo, ndiyo itakayowapa kazi, kwa sababu macho ya watoto huona kisu. Warudisheni kwenye kile kisa cha 1675: imewekwa kiunoni kama wajibu wa kumlinda anayeonewa, na kuichomoa kwa hasira au kwa majivuno ni kuivunjia heshima. Wazazi wakiwauliza juu ya usalama, msiwadharau, swali lao ni la haki. Waelezeni kwamba mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimruhusu mwanafunzi kuivaa shuleni kwa masharti: ikae ndani ya ala ya mbao, ishonewe kwenye kitambaa, ifichwe chini ya nguo. Kaeni na familia mkubaliane mapema, kabla mtoto hajasimamishwa getini mbele ya wenzake.

Sasa nawasihi kama mzazi. Mvulana mdogo hufunga patka, kitambaa kidogo juu ya fundo la nywele. Mkono wa mtu usikiguse, hata kwa mzaha, na kikivutwa msiseme ni michezo ya watoto. Kikilegea uwanjani, mpeni mahali pa faragha akifunge upya. Wakati wa michezo, kara ifunikwe kwa kitambaa badala ya kumlazimisha aivue. Wala msimsimamishe mbele ya darasa awe kifaa cha kufundishia, labda mwenyewe aombe. Kumbukeni pia kwamba wanaofungwa na alama zote tano ni waliopokea amrit, maji matamu ya kuingizwa katika Khalsa. Wengine huvaa kara tu, wengine hukata nywele, na si kazi yenu kumpima mtoto imani.

Waambieni habari za Makalasinga wa hapa kwetu: za Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyedai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani mwaka 1950 akawekwa kizuizini hadi 1961, na za Joginder Singh, dereva aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976.

Na mkiweza, wapelekeni Makindu, kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga, iliyo kando ya barabara ya Mombasa. Andikeni mapema mseme mko wangapi. Kila mtoto abebe leso ya kufunika kichwa, avue viatu, anawe mikono. Mtu mzima asiingie na sigara wala pombe. Watakaribishwa langar, chakula cha bure kwa kila ajaye, wa dini yoyote: chapati, dengu na chai. Walimu nanyi kaeni chini mle pamoja na watoto, msijitenge, kwa maana hapo hakuna meza ya wakubwa.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu