Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka 2025: jarida letu la kisayansi, ile makala ya dagaa na majina ya heshima

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kwenu. Najua taarifa hii huwa inasomwa mkutano mkuu, ila mwaka jana nlivyoanza kusoma umeme ukakata na nusu yenu mkasepa na soda mkononi, kwahyo safari hii naandika mapema, kila mtu asome kwenye simu yake, tukikutana Mwanga hapa Kigoma iwe ni maswali tu.

Madogo nayapitia haraka. Ada za uanachama zimesuasua, mweka hazina atawaeleza na majina anayo. Tovuti ya jarida ililala siku kadhaa sababu hatukulipia jina lake kwa wakati, tumelipia, yameisha. Maombi ya kuingia DOAJ, ile orodha ya majarida huria, yani yanayosomwa bure mtandaoni, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund kule Sweden mwaka 2003, bado tunajaza fomu, na kusema ukweli kilichotuchelewesha ni kwamba wanataka mambo yote yawe wazi kwenye tovuti, nani anahakiki, leseni gani, ada kiasi gani, malalamiko yanaenda wapi, na sisi mengi tulikuwa tunayajua kichwani tu hatujayaandika popote.

Sasa ile ishu yenyewe. Makala ya dagaa.

Wengi mmeisikia vipande vipande kwenye grupu. Mwezi wa pili tulitoa makala kuhusu mavuno ya dagaa kwenye mialo ya Kigoma, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ikasema data zimekusanywa Aprili mpaka Septemba 2024. Jedwali zuri, grafu nzuri, Kiingereza kimenyooka. Mwezi wa tatu napigiwa simu na namba nisiyoijua, katibu wa mwalo mmoja hapa hapa, kijana, ananiambia, "Mwenyekiti nimesoma ule muhtasari wenu wa Kiswahili. Mwezi wa sita mwaka jana ziwa lilikuwa limefungwa, hao dagaa mliwapimia wapi?"

Nikakaa kimya kama nusu dakika hivi. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mji mzima unajua, mke wangu alikuwa anagombana na wauza dagaa sokoni kila siku kwa bei. Na mimi ndo nilikuwa mhariri wa toleo lile. Niliipitisha mimi, siyo mtu mwingine, naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu kama nilivyolisema.

Tulifanya kinachotakiwa, yani hatukukurupuka. Kuna kamati ya maadili ya uchapishaji inaitwa COPE, ilianza Uingereza 1997, imetoa michoro ya hatua kwa hatua, mhariri akishtukia data za kupika anaanza kumuuliza mwandishi kwa maandishi na kwa heshima, anaomba data ghafi, majibu yasiporidhisha anamwandikia mwajiri wake. Mhariri siyo polisi, hana mamlaka ya kumchunguza mtu. Tukamwandikia. Akajibu ni makosa ya kuchapa, mwaka ni 2023. Haya, tukasema tunashukuru, tutumie basi zile karatasi za mwaloni. Akatuma faili la Excel.

Mliowahi kupima samaki alfajiri Kibirizi mnajua karatasi zinavyorudi, zimelowa, magamba yamegandia, siku nyingine hamna kitu sababu mvua au mkusanyaji alikuwa na malaria. Lile faili lilikuwa safi kama nguo ya Idi, hakuna hata kisanduku kimoja kitupu. Halafu ndo likaja lililonimaliza, tena aliyeliona ni yule yule katibu wa mwalo: jedwali lina dagaa kila siku ya mwezi. Kila siku! Dagaa wetu wanavuliwa kwa taa, gizani, mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu na watu wanalala nyumbani wanashona nyavu. Hili halihitaji digrii. Wahakiki wawili, wale wataalamu wanaoisoma makala kabla haijatoka, walipita hapo hawakuona, na mimi mzaliwa wa Ujiji sikuona.

Kwa nini hawakuona? Mwandishi ndo alipendekeza wahakiki, nikawakubali wote wawili, baadae nikagundua wanafanya kazi ofisi moja na yeye. Kuanzia toleo lijalo mwandishi anaruhusiwa kupendekeza ila angalau mmoja tunamtafuta wenyewe nje ya ofisi yake, na kila mhakiki anajaza fomu ya kutaja undugu, ajira au pesa inayomuunganisha na kazi anayoisoma. Fomu ni ukurasa mmoja jamani, msilalamike.

Makala tumeitengua mwezi wa kumi, yani tumetangaza rasmi kwamba haitegemewi tena. Mwajiri wake tumeshamwandikia na wanaendelea na taratibu zao, siyo kazi yangu kuzisemea hapa.

Kuna walionijia inbox, mwenyekiti unamdhalilisha mwenzetu, ungeifuta tu kimya kimya yaishe. Nawaelewa, ila haiwezekani na naomba mnielewe sababu yake. PDF ikishatoka imetoka, watu washaipakua, ukifuta kimya kimya aliyenayo ataendelea kuinukuu akijua ni nzima. Ndo maana makala iliyotenguliwa inabaki pale pale, imegongwa muhuri kila ukurasa, na pembeni tangazo la sababu, na tangazo lenyewe ni bure kusoma. Ile makala ya The Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilitenguliwa 2010, miaka 12, na mpaka leo ipo na muhuri wake. Sisi tumetumia miezi saba toka ile simu. Siyo sifa, ingetosha mitatu.

La majina sasa, na hapa nitaudhi watu. Mwandishi wa pili wa ile makala ni mzee wetu tunayemheshimu sana. Nilipompigia akaniambia, "Mwanangu mi hata sijaisoma, waliniweka tu kwa heshima." Jamani. Heshima ya mkubwa ni kumpa kiti, kumpokea mzigo, kumwamkia. Jina kwenye makala ni sahihi kwenye hundi, ikigonga mwamba wanakuja kwako. Wahariri wa majarida ya tiba duniani, ICMJE, wana masharti manne na lazima yatimie yote: uwe umechangia kweli kwenye kubuni kazi au data zake, umeandika au kuirekebisha kwa maana, umeridhia toleo la mwisho, na unakubali kuwajibika nayo. Aliyetoa gari, aliyesaini kibali, mkuu wa idara, hao wanashukuriwa mwisho wa makala na inatosha. Kinyume chake nacho ni dhambi, yule binti aliyekaa mwaloni miezi mitano akabuni mpaka fomu na kuandika nusu ya matokeo halafu jina lake halipo, hiyo nayo ni kesi na tutaipokea.

Akili mnemba kadhalika. COPE walishasema tangu 2023 haiwezi kuwa mwandishi, maana haiwezi kuwajibika, huwezi kuiandikia barua ikujibu data ziko wapi. Ukiitumia kunyoosha Kiingereza sema umeitumia. Tumepata muswada wenye marejeo ya makala ambazo hazipo duniani, tumeurudisha siku hiyo hiyo.

Suala la kuwatoza waandishi limerudi tena mezani, msimamo wangu ni hapana, bado tunabebwa na ada za wanachama na kazi za kujitolea. Tukianza kula kwa kila makala inayopita, mkono utakuwa mwepesi kupitisha. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alituma makala ya uongo kwa majarida huria 304, 157 yakaikubali, na kilichoniuma ni kwamba majina ya kubuni aliyowapa waandishi wake aliyafanya ya Kiafrika. Na nyie mnaopokea imeili za "Dear Eminent Professor, lipa tukuchapishe ndani ya siku tatu", uliza kwanza kabla hujatuma hela, mwenzetu mmoja ametuma na harudishiwi.

Kuna aliyekuja juu kwamba redio imesoma takwimu zake bila kumlipa. Kaka, leseni yetu ni CC BY na uliisaini, mtu yeyote anaruhusiwa kutumia mradi akutaje jina. Walikutaja. Shukuru.

Nimalizie na yule katibu wa mwalo. Kuna mjumbe alisema kwenye kikao muhtasari wa Kiswahili ni kupoteza muda, wanasayansi wote wanajua Kiingereza. Unabaki, na kuanzia sasa ni lazima. Katibu mwenyewe tumemuomba awe anatusomea miswada ya uvuvi kabla haijatoka, amekubali kwa sharti moja, tumpelekee wakati wa mbalamwezi, maana kwenye giza anakuwa ziwani.