Ile sio picha, Mhariri, ni mchoro

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sio mtu wa kuandika andika barua, ila ile habari yenu ya sayari ya moto imenishinda kukaa kimya. Mmeweka lipicha nusu ukurasa, dude jekundu linafuka moshi pembeni ya nyota, afu chini yake mkaandika eti ni picha iliyopigwa na wanasayansi. Mpwa wangu wa miaka 11 akalichukua gazeti akalitazama weee, mwisho akaniuliza kitu kimoja tu: "Mjomba, aliyepiga hii picha alisimama wapi?"

Hajasimama popote, mana hakuna aliyepiga. Sayari yenyewe inaitwa KELT-9b, iko mbali na sisi zaidi ya miaka ya nuru 600 (yaani mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka 600 kutufikia), na imejibana kwenye nyota yake kilomita milioni 5 na kidogo hivi, wakati Utaridi ambayo ndio ya karibu kabisa na jua letu iko kama milioni 58. Ukielekeza teleskopu huko unaona nukta moja ya mwanga basi, nyota imemeza kila kitu. Lile dude jekundu limechorwa na msanii kwa kufuata vipimo, na kachora vizuri kwa kweli, sina ugomvi nae. Ugomvi wangu ni lile neno "iliyopigwa", na zaidi ni kwamba habari yenyewe tamu mmeiacha nje.

Mana hebu fikirieni, sayari yenye joto kuliko zote zilizokuwa zinajulikana ilipotangazwa mwaka 2017 haikunaswa kwanza na mtambo wa mabilioni kule angani. Ilinaswa na lenzi ya kamera yenye upana wa milimita 42 huko Arizona, Marekani, na jina la mradi wenyewe lina utani ndani yake, mana kwenye hizo herufi KELT kuna maneno ya Kiingereza yenye maana ya teleskopu ndogo sana sana. Walikuwa wanapiga eneo kubwa la anga, usiku hadi usiku, nyota maelfu kwa maelfu, afu kompyuta inakagua ni nyota ipi inafifia kidogo kwa mpangilio. Hii ilikuwa inafifia chini ya asilimia moja, kila baada ya siku moja na nusu hivi, haikosei. Kuna kitu kinakatiza mbele yake. Baada ya hapo ndio teleskopu kubwa zikaitwa kuhakikisha, zikapima nyota inavyoyumba kwa kuvutwa na hicho kitu, wakapata na uzito wake, karibu mara tatu ya Mshtarii (Jupita), sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua letu.

Mpwa wangu hakuamini kama unaweza kujua kitu usichokiona, kwa hiyo usiku tukazima taa zote tukabakisha ile ya mezani yenye kioo cha duara, nikafunga kifungo cha shati kwenye uzi, simu tukaiweka kwenye kiti na programu ya kupima mwanga. Yeye kakaa kule mwisho wa chumba anatazama taa, mi napitisha kifungo taratibu mbele ya kioo. "Sioni kitu mjomba, taa ni ile ile." Nikamwambia njoo usome namba. Ilikuwa 412, kifungo kikipita inakuja 409, kikitoka inarudi 412. Tumerudia mpaka mkono ukaniuma, mana kila nikitaka kuacha anasema bado moja. Kifungo sentimita moja, kioo kama kumi na mbili, na sayari ile na nyota yake uwiano wao ni huo huo karibu kabisa. Sasa hiyo si ndio mngewaandikia wasomaji?

Kichwa cha habari nacho kina makosa, mmeiita "nyota mpya". Ni sayari jamani, haitoi mwanga wa kujiwakia yenyewe kama jua. Ila hapo nawaelewa kidogo mana upande wake wa mchana unafika kama digrii 4,300 za Selsiasi na nyota nyingi tu, zile ndogo nyekundu ambazo ndio zimejaa huko juu, hazifikii joto hilo. Kwenye joto kama hilo maji hayakai maji, hata molekuli za haidrojeni zinavunjika vunjika na kuja kuungana tena zikipelekwa na upepo upande wa usiku. Chuma kipo hewani kama gesi, walikiona mwaka 2018 kwenye mwanga uliopita pembeni ya sayari. Na upande wa mchana ni ule ule siku zote, kama mwezi unavyotuonyesha uso mmoja.

Afu eti mkamalizia kwa kuuliza kama binadamu ataweza kuishi huko siku moja. Mhariri!! Ni mpira wa gesi ule, hata ungekuwa baridi utasimama juu ya nini?

Na jambo lingine, mmeandika kama vile sayari za hivi zimegunduliwa jana. Ya kwanza kuizunguka nyota inayofanana na jua ni 51 Pegasi b, waliipata wanasayansi wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, mwaka 1995, nayo ni jitu hivyo hivyo limeganda kwenye nyota yake linazunguka kwa siku nne na kidogo, na watu hawakuamini kwa sababu kila mtu alikuwa anajua majitu yanakaa mbali kama Mshtarii wetu anaetumia karibu miaka 12 kumaliza mzunguko mmoja. Nobeli walikuja kupewa 2019. Kumbe mwaka 1952 kuna bwana mmoja mtaalamu wa nyota, Otto Struve, alishaandika kwamba hakuna kinachozuia sayari kubwa kukaa karibu hivyo, na akasema na namna ya kuitafuta. Miaka arobaini na kitu imelala tu kwenye makaratasi!

Ninachoomba ni kidogo tu, neno moja chini ya picha: mchoro. Halichukui nafasi.

Mpwa wangu yeye hajasubiri. Kaikata ile picha kaibandika kwenye daftari lake, maneno yenu ya chini kayafuta kwa wino mweusi, na pembeni kaandika kwa mwandiko wake "imechorwa", afu chini yake 412, 409, 412.

Mjomba mtu,
msomaji wenu