Kambi ya skauti iandaliwe shuleni kabla ya siku ya safari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na walimu wakuu, viongozi wa skauti na wazazi wa Mtwara na Lindi kabla likizo ya Juni haijafika. Kila mwaka huwaona watoto wamevaa skafu zao, wanapanda magari wakiwa na mabegi, mablanketi na furaha tele, na kila ninapowauliza wamefundishwa nini kabla ya kuondoka, wengi hunijibu kwamba walitangaziwa mstarini, wakapewa barua ya kibali na kutajiwa kiasi cha mchango, basi. Kibali na mchango ni vya lazima, lakini havimfundishi mtoto kulala nje.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nilikosea. Nilipokuwa mwalimu kijana, mgeni wa pwani kutoka bara, mimi na mwenzangu tuliwapeleka watoto 34 kupiga kambi ufukweni. Tulifika yapata saa nne asubuhi, bahari imekupwa hadi mbali, mchanga mkavu na mgumu chini ya miguu, tukaona hakuna mahali bora kuliko pale. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka mwambani na pweza wake wawili alisimama, akayatazama mahema, akasema, "Walimu, leo bamvua." Tulimshukuru tukidhani anatupa habari za uvuvi, kisha tukaenda matembezini na watoto. Tuliporudi saa kumi jioni, mawimbi yalikuwa yakipita katikati ya mahema, unga wote umekuwa uji wa chumvi na mablanketi yanaelea. Usiku ule tulihifadhiwa katika madarasa ya shule ya kijiji, watoto watatu watatu wakijifunika kanga moja tuliyoazimwa na akina mama. Asubuhi ndipo nilipoona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo, yaani mstari wa mwani mkavu na vifuu ulioachwa na maji, hatua kumi na tano juu ya pale tulipopigilia vigingi.

Hakuna aliyeumia, na sababu ni kwamba maji yalitukuta hatupo. Bamvua ndiyo hii: mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani yetu hujaa sana alasiri, na yakishakupwa hujaa tena alfajiri, saa ambayo watoto wako usingizini. Mtoto wa Mikindani au Kilwa hukua akilijua jambo hilo, lakini wa Nanyumbu au Liwale hana wa kumwambia, na huenda kiongozi wake pia halijui. Ndiyo maana naona kiongozi asiyekwenda kukagua eneo siku chache kabla, akakaa na wenyeji na kuwauliza maji hufika wapi, asikabidhiwe watoto wa watu.

Kwa wanaokwenda bara, maswali ni mengine. Je, bonde lile ni mkondo wa maji mvua ikinyesha? Mto Ruvuma una mamba na viboko, kwa hiyo maji yachotwe na watu wazima mahali ambapo wenyeji huchota, na watoto waogee kambini kwa ndoo. Juni ni kiangazi na upepo wa kusi unavuma, hivyo hema la ufukweni halishikwi na kigingi cha kawaida. Jaza mchanga kwenye kiroba kidogo, funga kamba ya hema katikati ya kiroba, kisha ukifukie kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Kamba ikivutwa na upepo, uzito wa mchanga ulio juu ya kiroba huizuia. Kambi ya Desemba hukutana na mvua na radi, nami singeishauri kwa watoto wadogo. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifuatwe hadi asubuhi ya safari, kwani sisi wa Mtwara hatujasahau Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipotukaribia kabla ya kupiga kaskazini mwa Msumbiji.

Maandalizi ninayoyaomba hayahitaji fedha nyingi. Wiki tatu au nne kabla ya safari, watoto walale usiku mmoja katika uwanja wa shule, wakiwa na vitu vilevile watakavyobeba. Usiku huo mmoja hufichua mengi. Niliwahi kumwona msichana wa darasa la sita, hodari sana katika gwaride, akishindwa kusonga ugali wa watu wanane kwa sababu nyumbani husonga wa watu watatu. Maji yalikuwa machache, unga ukabaki na madonge, akalia. Wenzake walimsaidia kupima upya, na tulipofika kambini alikuwa mpishi anayetegemewa. Machozi yale yalikuwa salama yakitoka shuleni, karibu na jiko la mwalimu.

Watoto pia wagawanywe mapema katika vikosi vidogo. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipoanzisha kambi ya kwanza ya majaribio katika Kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, alikuwa na vijana wapatao 20 tu, na bado aliwagawa katika vikosi vinne, kila kimoja na kiongozi wake. Sisi hupeleka watoto 60 na walimu wawili. Wazee wetu wa huku kusini hawakumpeleka mwali jandoni bila mlezi wa kumwangalia usiku na mchana, na sioni kwa nini skauti awe na uangalizi pungufu ya huo.

Kwa wazazi, nawasihi msifiche maradhi ya watoto kwa kuogopa wataachwa. Mwenye pumu, kifafa au selimundu anaweza kwenda kambini ikiwa kiongozi anajua. Mtoto wa selimundu akipigwa na baridi ya usiku wa Newala, au akitembea juani bila kunywa maji ya kutosha, anaweza kupatwa na maumivu makali, na kiongozi asiyejua atadhani ni uvivu. Mabinti waende na taulo za kike za kutosha, na awepo mwalimu wa kike wa kulala upande wao. Vitu vingine havihitaji duka kubwa: chandarua, mkeka, shuka zito, tochi, sabuni, chupa ya maji ya lita moja na viatu vinavyofunika vidole, vyote katika kiroba safi kama begi halipo.

Viatu hivyo vikung'utwe kila asubuhi kabla ya kuvaliwa, maana nyoka na nge hupenda kujificha humo. Mtoto akiumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asikazwe kamba. Alazwe atulie, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisitikisike, apelekwe hospitali haraka. Si kila zahanati ina dawa ya sumu ya nyoka, hivyo kiongozi aulize kabla ya safari ni kituo gani kinayo na ni gari la nani litakalokuwa kambini usiku kucha. Kambi isiyo na jibu la maswali hayo mawili iahirishwe, hata kama michango imekwisha kulipwa.

Nawaomba walimu wakuu waitishe vikao vya wazazi mwezi Mei kwa ajili ya jambo hili peke yake. Kwa shule za Manispaa ya Mtwara Mikindani, nipo tayari kuja Jumamosi yoyote na kamba zangu na viroba, bila malipo, kuwafundisha watoto na viongozi wao kufunga hema mchangani na kusoma mstari wa mwani.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara