Zuhura, ni habari ya pua na ya pesa

Mtoni kwa Azizi Ali, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, watoto wazima, Mama anakusalimu, Tatu anakusalimu, Hamza naye anakusalimu ingawa najua hukumuuliza. Natumai joto la Muscat limekupungukia na yule jirani yako kapata mwingine wa kugombana naye. Salamu zimeisha. Sasa kaa kitako.

Fomu ya bima imerudi. Wamekubali nipasuliwe nusu ya pua. Sikutanii. Ndani wameandika matibabu, wakapiga mhuri. Nje wameandika urembo, wakapiga mstari. Tangu Alhamisi nasimama mbele ya kioo cha kabati natafuta huo mpaka unapita wapi, siuoni.

Hadithi ya ndani unaijua, tumelala bweni moja. Ni wewe uliyekuwa ukinitupia kandambili usiku ninyamaze, na matroni akaja na tochi akidhani kuna mwanamume kaingia. Basi haikuisha, imezidi. Tundu la kushoto halipitishi kitu, la kulia linapitisha likitaka. Naamka koo kavu, midomo imebanduka, kichwa kizito. Darasani nikisoma habari za Majimaji kwa sauti inabidi nisimame katikati ya sentensi nivute hewa kwa mdomo, na Kidato cha Pili hawana adabu, wapo wanaoniigiza mpaka kituo cha daladala.

Daktari wa masikio, pua na koo alinichungulia kwa kamera nyembamba, kisha akanipeleka kipimo cha CT. Ukuta wa kati, unaotenganisha tundu na tundu, umepinda kushoto mpaka unakaribia kugusa pembeni. Huko kulia kulikobaki wazi, vile vinyama vya ubavuni, yeye anaviita tabineti, vimevimba vikajaza nafasi. Upande mmoja ukuta, upande wa pili nyama. Nilimwambia basi zikate zote hizo nyama, akacheka. Kumbe zina kazi: ndizo zinazopasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika kifuani. Kuna watu waliokatwa nyingi mno, pua ikabaki wazi, hewa inapita, na bado mtu anahisi hapumui. Kwa hiyo zinapunguzwa tu.

Dawa nimejaribu. Ile ya kupuliza yenye steroidi ilishusha uvimbe kidogo, lakini dawa hainyooshi gegedu. Hamza yeye ananiambia niachane na visu, ninunue matone yake ya kuzibua. Yale ni ya siku tatu, ukizidi sana tano. Ukiendelea, pua inazoea, nguvu ya dawa ikiisha inaziba kuliko mwanzo, nawe unatia tena. Hamza anatembea na kichupa mfukoni tangu mke wa kwanza.

Haya, twende kwenye nje, maana hapo ndipo penye barua.

Daktari alinishika mgongo wa pua kwa vidole viwili, akasema mfupa wa juu nao umekwenda kombo na gegedu limeufuata. Ule ukuta wa ndani umeshikana na paa la nje. Kwa pua iliyopinda hivi, akinyoosha ndani akaacha nje kombo, nje inaweza kuurudisha ndani ulikotoka. Halafu kuna pale katikati, chini ya mfupa, ndipo njia ya hewa inapokuwa nyembamba kuliko kote, na yangu nikivuta pumzi kwa nguvu inalala. Jaribu na wewe: weka vidole shavuni karibu na pua, vuta ngozi kuelekea sikioni, kisha vuta pumzi. Nilipofanya hivyo pale kliniki hewa iliingia baridi mpaka machozi yakanitoka, na daktari akaandika kitu. Dawa yake ni kukata vipande vyembamba vya gegedu kutoka kwenye ukuta huo huo na kuvipachika kwa juu, kila upande kimoja, kushikilia njia isilale. Ila hawezi kuuchukua ukuta wote, lazima abakize fremu ya kama sentimita moja juu na mbele, la sivyo mgongo wa pua unadidimia.

Sasa niambie, hicho kipande cha gegedu ni matibabu au ni urembo? Kimetoka ndani, kinawekwa juu, kinanipa pumzi, na kwa bahati mbaya ya bima kitaninyoosha na sura. Ningekuwa napumua vizuri na nimebaki kombo, wangenilipia kwa furaha.

Na pia niseme kabisa: nataka inyooke. Bi Nuru akiniuliza namjibu pumzi, pumzi, lakini wewe unajua harusi ya Kidawa yote nimepigwa picha kwa upande mmoja. Kwa nini nijifanye sitaki? Mwenye jino lililovunjika akitengenezewa hatumuulizi kama anataka kutafuna au kucheka.

Bi Nuru ameshanisomea. Kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, eti. Nikaenda kwa Ustadh, yule yule wa madrasa, amezeeka lakini akili ni kali. Akaniuliza: hivi ndivyo ulivyozaliwa? Nikasema hapana. Akanikumbusha hadithi ya Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, siku ya Kulab, akajiwekea ya fedha, ikanuka, na Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu. Akasema kuondoa ila ni jambo moja, na kuchezea umbo lisilo na ila ni jambo jingine. Nilipomwambia bima nao wana mstari wao, akasema mstari wa bima hauko kwenye fiqhi. Bi Nuru hajanisemesha tangu siku hiyo.

Na wewe usinitumie tena ule ujumbe wa "unataka pua ya kizungu". Ningetaka ya kizungu ningezifuata zile picha zako za kliniki ya Istanbul. Nimezitazama zote, kwa mapenzi tu. Wanawake kumi, pua moja. Kila mmoja kachongwa paa likaingia ndani, ncha ikainuliwa. Mimi nataka hii hii, pana hivi hivi, ila iangalie mbele. Nafundisha Historia bwana, najua watu walikopita. Berlin, mwishoni mwa karne ya 19, kulikuwa na daktari Jacques Joseph, Myahudi, watu wakimwita Nasenjosef, Yosefu wa mapua. Miongoni mwa waliomfuata walikuwamo Wayahudi wenzake waliotaka pua isiwatambulishe mtaani. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza, mikono ile ile ikawa inawajengea nyuso askari waliorudi bila taya na bila pua. Kisu kimoja, wa kuficha kabila na wa kurudishiwa uso. Kwa hiyo sibishi kwamba aibu ipo katika biashara hii. Nasema yangu haimo.

Na kwa kuwa umegusa Istanbul, ngoja nikwambie, maana nahisi zile picha si zangu ni zako. Ngozi ya pua za wengi wetu ni nene na gegedu la ncha ni laini. Daktari akipunguza gegedu chini, ngozi nene haisinyai ikafuata, inabaki juu imetuna bila umbo. Ndiyo maana wenye pua zetu mara nyingi huongezewa gegedu, la ukuta, la sikio, hata la ubavu, badala ya kupunguzwa. Na akibana matundu na paa kwa pupa, ile njia nyembamba niliyokueleza inafungwa. Unatoka na pua ya picha na unapumua kwa mdomo, yaani unalipia ugonjwa ambao mimi nalipia kuuondoa. Na lile kovu la sikio lako lililovimba baada ya kutoga? Umewaambia? Puani halitokei sana, lakini lazima wajue, kwa sababu wakipasua kwa njia ya wazi wanakata pale chini kati ya matundu. Gari la kukupokea uwanjani na hoteli ya nyota nne ni sawa, ila damu ikikutoka baada ya wiki, umesharudi Muscat, nani atakuangalia? Hapa Dar, hospitali ya Mloganzila nao wana upasuaji rekebishi siku hizi. Sikulazimishi.

Nimeacha nilipokuwa. Pesa.

Upande wa nje unanitaka milioni mbili. Nina milioni moja na kitu, kile kitu usikihesabu, kina ada ya Shadya ndani yake. Mchezo wetu wa pale shuleni zamu yangu ni mwezi wa kumi. Mume wangu anasema nifanye ndani tu sasa, nje tutaona. Lakini kufungua pua iliyokwisha kupasuliwa si sawa na kufungua mpya: ndani kumeshajaa makovu, na gegedu la kutumia labda limeshaisha. Daktari amesema kama ni kufanya, afanye vyote mara moja. Kwa hiyo nakuomba mkopo wa milioni moja mpaka mwezi wa kumi. Nimeandika. Nimezunguka barua nzima kufika hapa.

Kabla hujakunja uso, kumbuka pia ni kiwiko cha nani kilichonipata ile fainali ya mpira wa pete. Mpira ulikuwa wangu, refa aliona, wewe peke yako ndiye hukuona. Pua ikikatwa yote diya yake, yaani fidia, ni kamili, ngamia mia, madrasa tulikaa mkeka mmoja usiniambie umesahau. Yangu haikukatwa, ilipindishwa tu, kwa hiyo sikudai hata mkia wa ngamia. Nakopa. Ila jua hesabu unayo.

Kazi yenyewe ni nusukaputi, saa mbili au tatu. Nitatoka na vipande vya silikoni ndani na plasta ngumu juu, kama wiki nzima. Macho yatavimba na kuwa meusi wiki mbili hivi, kwa hiyo mtaani watasema nimepigwa, na Baba Shadya ameshaanza kujitetea kabla ya kosa. Sipengi kamasi, siinui ndoo, siinami. Nitaswali nimekaa. Nalala kichwa juu ya mito. Miwani isiguse mgongo wa pua kwa wiki kadhaa, na sijui nitasahihishaje mitihani. Uvimbe mwingi unaondoka miezi ya mwanzo, lakini wa ncha unaweza kuchukua mwaka, na kwa ngozi nene zaidi, kwa hiyo mtu asije mwezi wa pili akaniambia mbona imekuwa kubwa. Nimeambiwa na mabaya yake: kuvuja damu, tundu ukutani linalopiga mluzi ukipumua, ganzi ya meno ya mbele, na wapo wanaolazimika kurudia. Nimeyasikia yote. Nikilala usiku nikakosa hewa nayasahau.

Mama hajui ya nje. Anajua ni kutoa nyama za puani, na ibaki hivyo. Ukimpigia simu, usiropoke.

Sasa nijibu. Unayo hiyo milioni au nimsogelee Hamza na masharti yake? Likizo yako ni mwezi gani, na unaweza kuisukuma iangukie wiki ile ya plasta, maana Tatu akipika watoto hawali? Istanbul umeshalipa kianzio? Kama umelipa, kinarudi? Daktari wa huko ulizungumza naye mwenyewe au na mtu wa mauzo? Ulifanya lile jaribio la shavu, na hewa iliongezeka? Na yule uliyeniambia mwezi wa Rajabu, ni yeye anayetaka pua mpya au ni wewe?

Jibu kwa maandishi. Usinitumie sauti, simu hii Shadya anaisikiliza kabla yangu.

Wako,
Mwanahamisi