Harambee ya Jiko la Korogocho: Chakula Kilichopikwa kwa Mama, Mtoto na Mgonjwa

Wapendwa wana Korogocho, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, mlioko hapa mtaani na mliohamia kwingine, pamoja na marafiki wote,

Sisi wahudumu wa afya ya jamii tunawaomba mchango wa kuanzisha jiko la pamoja kando ya ukumbi wa kanisa. Wengi wameshatuuliza: kwa nini jiko, na si magunia ya unga kama ilivyozoeleka?

Jibu mmelitoa ninyi wenyewe. Tangu 2002 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu Afrika, wamekuwa wakifuatilia kaya za Korogocho na za Viwandani, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi. Maswali yao mnayakumbuka: kuna aliyelala njaa nyumbani humu? Kuna aliyeshinda mchana na usiku bila kula? Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa ni kaya 1 tu kati ya 5 iliyokuwa na uhakika wa chakula.

Na watafiti walioketi na watu wakasikiliza habari ndefu zaidi, walisikia kile tunachokiona kila tukizunguka nyumba kwa nyumba. Mama hula mwisho, tena kilichobaki. Watu hununua chapati na maharagwe ya barabarani kwa sababu makaa, mafuta ya taa na maji vyote ni vya kununua. Kuchemsha maharagwe nyumbani huweza kugharimu kuliko maharagwe yenyewe. Ukimpa mtu wa namna hiyo gunia la maharagwe, umempa nusu ya chakula.

Utafiti mwingine wa mitaa hii miwili ulikuta kwamba watoto kama 2 kati ya 100 ndio walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Mama aliyejifungua juzi anarudi kusaka kibarua cha kufua Eastleigh, na akilala njaa anaamini maziwa yamekauka. Sisi ndio tunaotumwa kumweleza umuhimu wa kunyonyesha, na tunasema wazi: kumhubiria huyo mama bila kumlisha ni kumwonea.

Mgonjwa wa kifua kikuu naye hunywa dawa miezi 6. Akianza kupata nafuu hamu ya chakula humrudia kwa nguvu, na nyumbani hamna kitu. Wako wanaoacha dawa kwa kuiogopa hiyo njaa, kisha jirani wanawaita wakaidi.

Tunashukuru kwamba tangu 2023 wanafunzi wa shule za msingi za umma Nairobi wanapata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Lakini mtoto wa miezi 8 haendi shule, wala mama yake, wala mgonjwa aliyelala ndani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kwenye vikao vya kaunti tutaendelea kuidai. Mtoto anayepimwa mkono na utepe ukasoma nyekundu, yaani ana utapiamlo mkali, hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao.

Tunalenga shilingi 600,000: majiko mawili ya kuni yasiyotoa moshi mwingi, tangi la maji, sufuria kubwa, na chakula cha miezi 3 ya kwanza. Asubuhi uji wa wimbi. Mchana githeri, ndengu, au ugali na omena na sukuma. Mama atakula pamoja na mtoto wake, papo hapo. Hakuna atakayepigwa picha akila, hata mfadhili akiomba. Hesabu zitabandikwa mlangoni pa ukumbi kila mwisho wa mwezi.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Kadi za mchango ziko kwa mweka hazina na kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Mlio mbali, tumeni kupitia jamaa zenu walio hapa, nanyi mtapewa risiti. Wenye kuleta maharagwe, ndengu au sufuria, ukumbi utakuwa wazi kuanzia saa 2 asubuhi. Na tunahitaji wapishi wa kujitolea, wanaume kwa wanawake.