Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Ufito wa Mgongoni

Ndugu wanachama wa Moshi na wa Arusha,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kila mwisho wa mwaka kuhusu kazi za chama, mali zake na mwelekeo wake. Naanza na kazi, na humo nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu fedha zetu ni chache na hazihitaji aya nyingi.

Mtakumbuka kwamba katika kikao cha Januari tuliamua kuacha desturi ya kuwa na mada mpya kila mwezi, na badala yake tukachagua swali moja la mwaka mzima: mnyama mwenye uti wa mgongo alitoka wapi? Wapo waliocheka kwamba watu wanaoishi chini ya Mlima Kilimanjaro wameamua kusoma viumbe vya baharini visivyo na mifupa. Jibu nililotoa siku ile bado ni lile lile. Sura za mwanzo za historia ya uti wa mgongo ziliandikwa baharini, na mwalimu anayetaka kueleza mgongo wa ng'ombe wa Boma Ng'ombe hana budi kushuka pwani kwanza.

Tulishuka kweli. Mwezi Agosti wanachama 14 walisafiri hadi Tanga, wakifuata maji ya bamvua ili mwamba uwe wazi kwa muda wa kutosha. Tuliona majongoo bahari, viti vya pweza, na wale wanyama wa mviringo wenye miiba ambao humu chamani tumekubaliana kuwaita nungu wa bahari, kwa kuwa kila kijiji tulichopita kilikuwa na jina lake. Jioni tulichukua mayai na mbegu za kiume za nungu hao, tukazichanganya katika bakuli la maji ya bahari, tukatazama kwa hadubini. Yai lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Haikupita muda mrefu utando ukanyanyuka kulizunguka, na baada ya saa moja na kitu seli ikawa mbili, kisha nne. Oskar Hertwig alitumia mayai ya wanyama wa jamii hii mwaka 1876 kuonyesha kwamba kurutubishwa ni kuungana kwa viini viwili, na ninaamini kwamba waliokaa macho usiku ule hawatahitaji tena kukariri jambo hilo kutoka kitabuni.

Kilichofuata si cha kujivunia, nami nabeba lawama. Nilishauri tubebe viinitete hivyo, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kugawanyika, katika madumu hadi Moshi ili wenzetu wasiosafiri wavione. Tulipofika Same maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea, na tulichowaonyesha wanachama kesho yake kilikuwa ni mashapo. Safari ijayo tutabeba picha.

Hata hivyo, tuliyoyaona Tanga yalitosha kubeba mazungumzo ya miezi mitatu. Kiinitete cha nungu wa bahari hufikia hatua ya kuwa tufe tupu la seli, kisha upande mmoja hubonyea kuingia ndani, mithili ya mpira uliopungua upepo unaposukumwa kwa kidole. Katika wadudu, konokono na minyoo wengi, kishimo hicho huhusiana na kinywa. Katika nungu wa bahari kishimo huwa tundu la kutolea uchafu, na kinywa hutoboka baadaye mahali pengine. Sisi binadamu tuko upande huu wa pili. Karl Grobben aliyapa makundi haya mawili majina mwaka 1908, na ingawa mipaka yake imesogezwa mara kadhaa tangu hapo, undugu wetu na kiti cha pweza umethibitishwa pia na jeni. Ukimtazama mkubwa wa kiti cha pweza, mwenye mikono mitano na asiye na kichwa, huwezi kuudhani undugu huo. Mtoto wake, kinyume chake, ana upande wa kushoto na wa kulia kama sisi, na ndiyo maana swali letu la mwaka lilitulazimisha tuwaache wakubwa na kuwatazama watoto.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi kwenye boya kuukuu ambalo mvuvi mmoja alitukubalia tulikwangue. Chini yake palishikamana vifuko laini vyenye matundu mawili, ambavyo ukivibonyeza hurusha maji. Wavuvi huvikwangua na kuvitupa. Hao ndio asidia. Hawaondoki walipo, huchuja maji ili kupata chakula, moyo wao husukuma damu upande mmoja kwa muda kisha hugeuza mkondo, na gamba lao laini lina selulosi, kitu ambacho tumezoea kukisoma katika mada ya mimea. Kwa karne nyingi wataalamu waliwahesabu pamoja na chaza na konokono. Mwaka 1866 Alexander Kowalevsky, Mrusi aliyekuwa bado kijana, alichapisha maelezo ya ukuaji wa viinitete vyao, na dunia ya elimu ya wanyama ikageuka. Mtoto wa asidia huogelea kwa mkia. Ndani ya mkia huo mna notokodi, yaani ule ufito laini lakini imara ambao katika kiinitete cha samaki, kuku na binadamu hutangulia kabla ya pingili za mgongo. Juu ya ufito huo hupita ugwe wa neva. Charles Darwin aliutaja ugunduzi huo katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu.

Nimelitumia neno ufito kwa makusudi. Anayejua nyumba ya udongo anajua kwamba fito hutangulia, udongo hufuata, na nyumba ikikamilika fito hazionekani tena. Katika mtoto wa asidia aina ya Ciona ufito huo una seli 40 tu, ambazo hujipanga moja nyuma ya nyingine kama sarafu zilizorundikwa. Baada ya kuogelea kwa muda mfupi, mtoto hujibandika kwa kichwa kwenye jiwe au boya, mkia wake hunywea ndani ya mwili, na ufito hutoweka. Mmoja wetu aliuliza kwa nini mnyama auharibu mgongo aliokwisha kuujenga. Ni swali zuri kuliko majibu mengi tuliyompa.

Mhadhara wa Septemba, uliotolewa na mwanachama wetu wa Arusha, ndio naona ulikuwa bora kuliko yote ya mwaka. Alilinganisha majaribio mawili ya kale. Mwaka 1887 Laurent Chabry aliharibu seli moja ya kiinitete cha asidia chenye seli mbili, na iliyobaki ikaendelea kama nusu ya mnyama. Miaka michache baadaye Hans Driesch alitenganisha seli mbili za nungu wa bahari kwa kuzitikisa, na kila moja ikatoa mtoto mzima, ingawa mdogo. Edwin Conklin, akifanya kazi Woods Hole nchini Marekani, alionyesha mwaka 1905 kwamba katika aina moja ya asidia ile sehemu ya yai yenye rangi ya manjano huishia katika misuli ya mkia, kana kwamba kazi zimegawanywa kabla ya kazi kuanza. Ilichukua karibu karne nzima kupata kilichofichwa katika sehemu hiyo: mwaka 2001 Hiroki Nishida na Kaichiro Sawada wa Japani walitambua kwamba ujumbe wa jeni iitwayo macho-1, unaowekwa na mama ndani ya yai, ndio unaoziamuru seli hizo ziwe misuli. Ukumbi mzima ulicheka. Naomba niweke kumbukumbu sawa kwamba jeni hiyo haihusiki na macho.

Sasa nije kwenye mabishano. Wengi wetu tuliosomea ualimu zamani tulifundishwa kwamba ndugu wa karibu kabisa wa wanyama wenye uti wa mgongo ni amfioksasi, mnyama mdogo mwembamba anayejifukia mchangani, mwenye ufito unaoanzia ncha ya mbele hadi ncha ya nyuma maisha yake yote. Anafanana na samaki asiye na kichwa cha maana, na mfanano huo ulitushawishi. Mwaka 2006 Frédéric Delsuc na wenzake walilinganisha jeni 146 za wanyama mbalimbali, na asidia wakatokea kuwa ndio jirani zetu wa karibu, na amfioksasi mbali kidogo. Miaka miwili baadaye jenomu ya amfioksasi, yaani jumla ya urithi wake wote, ilipochapishwa, matokeo yalikuwa hayo hayo. Mwanachama mmoja, ambaye amefundisha kwa miaka mingi na ambaye namheshimu sana, alisimama mara mbili kupinga: inawezekanaje kifuko cha kwenye boya kiwe karibu nasi kuliko mnyama anayeogelea kama dagaa?

Nilimjibu hivi, na nalirudia jibu ili liwe katika maandishi. Undugu haupimwi kwa sura. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akihamia mbali na kubadili lugha na mavazi, hawaachi kuwa ndugu, na binamu aliyebaki kijijini akivaa kama babu hawi ndugu wa karibu zaidi kwa sababu hiyo. Amfioksasi amebaki kijijini. Jeni zake za Hox, zinazopanga sehemu za mwili kutoka mbele kwenda nyuma, ni 15 na zimekaa katika mfululizo mmoja, wakati binadamu ana 39 katika mifululizo minne, kwa kuwa urithi wa mababu zetu ulinakiliwa upya zaidi ya mara moja, kama Susumu Ohno alivyopendekeza mwaka 1970. Asidia ndiye aliyehama: amepoteza jeni kadhaa, na mfululizo wake wa Hox umevunjika vipande. Kwa hiyo amfioksasi ni shahidi mzuri wa jinsi babu alivyokuwa, bila kuwa ndugu wa karibu kuliko wote. Mzee wetu hakusema kwamba amekubali, ila aliazima kitabu.

Matokeo yake ni kwamba lile wazo la Walter Garstang la mwaka 1928, kuwa mababu zetu walikuwa wanyama ambao wakikomaa walikaa kitako baharini na kwamba ukoo wetu ulianza mtoto mwenye mkia alipopata uwezo wa kuzaa bila kukua, limepungua nguvu. Kama amfioksasi anayeogelea alijitenga kwanza, ni rahisi zaidi kudhani kwamba babu wa wote aliogelea, na kukaa kitako ni jambo la asidia wenyewe. Nalisema kwa masikitiko kidogo, maana wazo la Garstang lilikuwa zuri.

Mwezi Oktoba tulijadili kupinduka kwa mwili. Kila aliyempasua mende shuleni ameona kwamba ugwe wa neva unapita tumboni na moyo uko mgongoni, kinyume cha mbuzi. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alisema mwaka 1822 kwamba mmoja ni mwenzake aliyepinduliwa, na wakubwa wa sayansi wa Paris hawakumwelewa. Mwaka 1996 Edward De Robertis na Yoshiki Sasai walionyesha kwamba jeni zinazoamua mgongo na tumbo katika inzi na katika chura ni za ukoo mmoja, ila pande zimebadilishana. Nyongeza iliyonivutia ilitoka kwa mnyoo wa matope wa jamii ya Balanoglossus, ambaye William Bateson alimhusisha nasi katika miaka ya 1880 kwa sababu ya nyufa za matamvua shingoni mwake. Mnyoo huyo, ambaye tulimtafuta Tanga bila kumpata, ana jeni hizo katika mpangilio wa inzi. Basi kupinduka kulitokea baadaye, katika ukoo wetu wenyewe.

Kuna kosa letu la kusahihisha. Kipeperushi chetu cha zamani kilimtaja Saccorhytus, kisukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhiwa katika mwamba) cha milimita moja kutoka China, kuwa miongoni mwa mababu wa mapema kabisa wa kundi letu, kama ilivyotangazwa mwaka 2017. Mwaka 2022 uchunguzi mpya wa visukuku hivyo ulionyesha kwamba matundu yaliyodhaniwa kuwa mwanzo wa matamvua ni alama za miiba iliyovunjika, na mnyama huyo akahamishiwa upande wa jamaa za minyoo na wadudu. Nakala zilizobaki nimeziondoa kabatini. Wenye nakala nyumbani wakate ukurasa wa 3.

Kuhusu istilahi, kamati imeamua kuacha neno lava kwa maana ya mtoto wa mnyama na kutumia buu. Uamuzi huo ulitokana na tangazo letu la Aprili pale Arusha, lililosomeka "Lava na asili ya mgongo", ambapo waongoza watalii sita walifika wakitarajia kusikia habari za mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Wanne walikaa hadi mwisho, na mmoja amejiunga na chama.

Fedha zilitosha nauli, ukumbi na chai, na hesabu kamili atazisoma mweka hazina. Hadubini ya pili ilipelekwa kwa fundi mwezi Machi, ikarudi Julai ikiwa na lenzi ambayo si yetu. Tumedai, na hatujajibiwa. Napendekeza tusisubiri tena, tuchangishane kununua nyingine kabla ya bamvua za Agosti, kwa sababu safari ijayo nataka tumtafute mnyoo wa matope kwa siku mbili badala ya asubuhi moja.

Mwisho, aliyeazima kisanduku cha slaidi za viinitete vya kuku baada ya kikao cha Novemba anaombwa akirudishe kwa katibu. Kinahitajika Februari, tutakapolinganisha ufito wa kifaranga na ule wa Ciona.

Mwenyekiti,
Moshi