Tuambieni kilichomo kwenye sahani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye migahawa ya vyakula vya mataifa hapa Dar es Salaam, ile iliyoanzia Masaki na Msasani na sasa imefika Mikocheni, Mbezi Beach na Sinza. Leo sisemi habari ya bei wala ya muziki unaowafanya watu wawili wazungumze kwa kupigiana kelele, ingawa hayo nayo yanastahili barua yake. Nasema habari ya kilichomo ndani ya chakula.

Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika katika hoteli za kitalii, kwanza Unguja, kisha hapa mjini. Nilianza kwa kuosha masufuria na nikamaliza nikiongoza zamu ya usiku. Kwa hiyo ya jikoni siyasemi kwa kusimuliwa.

Hivi karibuni shoga yangu alikuja kutoka Mtwara kumwona mjukuu wake aliyezaliwa. Tulifanya kazi pamoja ujanani, yeye chumba cha kufulia, mimi jikoni, na kila akija mjini lazima twende mahali tukae, tule, tusengenye wakubwa wetu wa zamani. Sasa, huyu mwenzangu amekulia chini ya mikorosho. Baba yake alikuwa na shamba Newala, na ada zake za shule zililipwa kwa korosho. Na korosho hawezi kula. Watu wa kwao wanamcheka mpaka leo, lakini si mchezo: akila kipande kidogo tu midomo inavimba na koo linabana, na kuna siku alifikishwa hospitali ya Ligula akiwa hata jina lake hawezi kulitaja. Karanga anazila bila shida. Taabu yake ni korosho, na pistachio pia, ambayo ni ya ukoo mmoja na korosho kama ulivyo mwembe.

Tukaenda mgahawani. Viti vya mbao, taa zimening'inizwa kwenye kamba, vijana wengi, harufu nzuri. Menyu ya kushika mkononi haipo, unaelekeza simu kwenye msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Ndani ya simu kuna pizza, pad thai, hummus, burger, sushi, na chini kabisa, kwa aibu kidogo, wali wa nazi. Mwenzangu alichagua tambi za kuku zenye sosi ya pesto, kwa sababu kwenye picha zilikuwa za kijani na yeye ni mtu wa mboga za majani. Maelezo chini ya picha yalisema tambi, kuku, pesto, jibini, shilingi 27,000. Basi.

Pesto naijua. Kwao ni Genova, Italia, na inatwangwa kwa majani ya mrehani, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, jibini, chumvi na mbegu za msonobari. Hizo mbegu ni ghali popote duniani, kwa hiyo mpishi wa huku anaweka korosho, zinasagika laini na zinapatikana. Hata mimi niliweka korosho miaka yote, na kwa ulimi wangu pesto ya korosho inaishinda ile ya asili. Hakuna ubaya wowote katika kuziweka. Ubaya ni kutosema kwamba zimo.

Nikamwita mhudumu, kijana mpole wa watu. "Mwanangu, hii pesto ina korosho?"

"Hapana mama, haina."

"Umeuliza jikoni?"

Akaenda, akarudi upesi mno. "Wamesema haina karanga."

Mimi nimeuliza korosho, jibu limekuja karanga. Nikamwomba arudi tena. Akarudi na tabasamu: "Hamna tatizo mama, ni majani tu." Shoga yangu alishaanza kuona haya, ananikanyaga mguu chini ya meza, maana yake niache kuwasumbua watoto wa watu.

Sahani ilipofika niliivuta upande wangu nikaonja sosi kwa ncha ya kijiko. Korosho, tena za kutosha, tena zimekaangwa kidogo kabla ya kusagwa. Nikainuka nikaenda mpaka kwenye dirisha la kutolea chakula nikamuuliza mpishi. Hakusita. "Ndiyo mama, korosho ipo. Kwani kuna mtu ameuliza?" Kumbe kijana wetu safari zote mbili aliishia kaunta, akamuuliza anayepokea pesa. Na yule wa kaunta akajibu, kwa sababu kusema "sijui" mbele ya mteja kwetu kunaonekana ni utovu wa adabu.

Meneja aliomba radhi vizuri, sahani ikaondolewa, mwenzangu akaletewa samaki wa kuchoma, na bili haikuongezwa hata senti. Sina kinyongo nao, ndiyo maana jina lao silitaji. Tena nina hakika si wao peke yao.

Kinachoniuma ni kwamba majikoni kwetu mambo haya tunayajua vizuri sana. Nilipokuwa Unguja watalii walikuwa wanakuja na vikadi wamechapisha huko kwao, vimeandikwa Kiswahili cha kuchekesha: "Mimi nina mzio wa karanga. Nikila karanga mimi nitakufa. Asante sana." Kikadi kimoja kama hicho kikiingia, jiko zima lilisimama. Mpishi mkuu anaandika kwenye ubao namba ya chumba na kitu kisichotakiwa. Sufuria mpya, kisu kipya, ubao wa kukatia mwingine, mafuta ya kukaangia yanamwagwa yanawekwa mapya, maana mafuta yaliyokaanga kamba yakikaanga viazi, viazi navyo vimeshaguswa na kamba. Sahani inafunikwa na kupelekwa mezani na mtu mmoja, yule yule aliyepokea maelezo. Ukutani tulibandikiwa orodha ya vitu 14 ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, inautaka kila mgahawa wa kule umweleze mteja kama vimo katika chakula: karanga, korosho na jamii yake, ufuta, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, pweza na chaza, soya, ngano, haradali na vinginevyo. Sheria ile haikuwa yetu, lakini wageni walikuwa wa kule, kwa hiyo tuliikariri kama namba za simu za nyumbani.

Wapishi wale wale waliofundishwa hayo ndio leo wako kwenye migahawa hii ya mjini, wengine nimewafundisha mimi. Mgeni kutoka Ujerumani akisema ana mzio, jiko linasimama. Mama wa Mtwara akiuliza, anaambiwa hamna tatizo mama. Pesa anayolipa ni ile ile.

Najua wapo watakaosema aleji ni ugonjwa wa Wazungu. Hebu waulize nyumbani kwao. Kila familia ya pwani ina shangazi ambaye pweza hamkubali, mjomba anayewashwa koo akila kamba, mtoto anayetoka vipele akipewa yai. Hatukuwapeleka kupimwa, tuliwaambia tu wasile, na mpishi alikuwa mama au dada, anajua nani hali nini. Kwa mama lishe nako mambo ni rahisi, sufuria liko mbele yako, mchicha wa karanga unauona ni wa karanga, na ukimuuliza atakujibu aliyeupika kwa mkono wake. Mgahawani jiko liko nyuma ya ukuta, sosi imetengenezwa asubuhi na mtu wa zamu nyingine, na chakula chenyewe ni cha kwao watu wengine. Mteja wa Sinza atajuaje kwamba hummus ina ufuta uliosagwa, au kwamba pad thai humwagiwa karanga na kutiwa mchuzi wa samaki aliyechachushwa?

Tena si mzio peke yake. Mimi ni Mwislamu. Nimeona tiramisu, kile kitamutamu cha Kiitaliano cha krimu na kahawa, ikiuzwa kwa dada wenye hijabu bila neno, na wapishi wengi huitia ramu au mvinyo. Nimeona nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa divai nyekundu ikiandikwa "nyama kwa sosi maalumu". Wapishi wenzangu hupenda kujitetea kwamba pombe inayeyuka ikipata moto. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha vingine: chakula kikichemshwa na pombe kwa dakika 15 hubaki kama asilimia 40 ya pombe ile, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kama asilimia 5. Msabato naye, ambaye hali kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba, anaagiza mboga za Kichina akidhani yuko salama, kumbe zimetiwa sosi ya chaza. Jirani yangu Mhindu asiyegusa nyama wala samaki anakula saladi ya Caesar kwa raha zake. Sosi yake kwa kawaida ina anchovy, visamaki vidogo mfano wa dagaa, vimepondwa mpaka huvioni. Hawa wote hakuna atakayevimba midomo. Lakini wana haki ya kuchagua kinachoingia tumboni mwao, na mtu hawezi kuchagua asichoambiwa.

Uingereza walijifunza kwa msiba. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliojazwa mboga katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Ufuta ulikuwa umeokwa ndani ya unga wenyewe, na kwenye karatasi ya mkate haukuandikwa. Baba yake alimchoma sindano za adrenalini ndani ya ndege, hazikutosha. Wazazi wake walipigania jambo hilo, na tangu Oktoba 2021 kila chakula kinachofungwa dukani kwa kuuzwa hapo hapo lazima kiandikwe viambato vyote. Hizo sindano zenyewe, zile za umbo la kalamu ambazo wenzetu wanatembea nazo mkobani, sijaziona katika duka lolote la dawa mtaani kwangu. Mwenzangu anatembea na vidonge vya kuzuia muwasho na dua.

Sasa nawaomba nini? Menyu mmeshazihamishia kwenye simu, kuongeza mstari mmoja chini ya kila chakula hakuhitaji kuchapisha upya kitu. Andikeni: kina korosho, kina ufuta, kina samaki, kina pombe. Andikeni kwa Kiswahili pia, si kwa Kiingereza peke yake. Kila sosi inayotengenezwa na kuwekwa kwenye friji ibandikwe karatasi yenye tarehe na vilivyomo, ili mpishi wa jioni ajue alichoacha wa asubuhi. Hili ni jambo la kawaida katika hoteli yoyote inayojiheshimu, na karatasi na kalamu havizidi bei ya soda. Wahudumu waruhusiwe kusema "sijui, ngoja nimuulize aliyepika", na waende kwa aliyepika kweli, wasiishie kaunta.

Shirika la Viwango, TBS, ndilo lililopewa usalama wa chakula mwaka 2019 lilipochukua kazi hiyo kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Pakiti ya biskuti ya shilingi 500 inaandikwa viambato vyake vyote, sahani ya shilingi 27,000 haiandikwi hata kimoja. Natamani nisikie maelezo yao kuhusu hilo katika ukurasa huu huu. Maafisa afya wa manispaa nao, wanapopita kukagua vyoo, mapipa ya taka na vyeti vya afya vya wafanyakazi, wangeongeza swali moja tu kwa mhudumu watakayemkuta: sosi hii ina nini?

Kwa wenye migahawa wanaoona ni kazi ngumu, daftari langu la mapishi bado ninalo, lina sosi nyingi na kila kinachoingia ndani yake, na kile ambacho watu hubadilisha wakikosa cha asili. Niko tayari kuja asubuhi kabla hamjafungua, bila malipo, nikae na wapishi wenu tupitie menyu yote. Namba yangu ya simu mhariri anayo. Nauli tu mnirudishie, na chai iwe ya tangawizi.

Mpishi mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam